Kisima Kimebadilika: Kutafuta Chanzo cha Maji Mabaya Mombasa

Watu wanaonipigia simu kuhusu visima vyao huanza na ulimi au pua. Maji yamekuwa ya chumvi, maji yananuka, maji yana kitu. Mimi huwauliza saa. Yalibadilika saa ngapi? Mwezi ulikuwa mwandamo au mpevu? Mvua ya mwisho ilinyesha lini? Wengine hudhani nataka kuwapigia ramli.

Ninauliza hivyo kwa sababu uchafu ndani ya ardhi husafiri, na kila uchafu una mwendo wake. Chumvi ya bahari hufuata maji yanavyojaa na kupwa. Kinyesi hufuata mvua. Pampu ya jirani hufuata ratiba ya jirani. Ulimi utakwambia maji yana chumvi, basi. Hauwezi kukwambia chumvi hiyo imepita njia gani.

Na njia zetu hapa ni za ajabu kidogo. Sehemu kubwa ya kisiwa, pamoja na ukanda wa pwani wa Nyali, Bamburi na Likoni, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo una matobo ndani kama mkate wa kumimina. Maji yanayopita kwenye mchanga mzuri huenda sentimita kadhaa kwa siku, au mita moja mbili, na njiani mchanga unayachuja. Yakiingia kwenye ufa wa matumbawe yanaweza kwenda mamia ya mita kwa siku bila kuchujwa hata kidogo. Kwa hiyo nyumba mbili zilizotenganishwa na ukuta mmoja zinaweza kuwa na maji tofauti kabisa, na kisima kinaweza kuchafuliwa na choo ambacho mwenye kisima hajawahi kukiona.

Kabla ya kununua chujio au kumwita mchimbaji, tafuta daftari, jedwali la maji ya bahari la mwezi huu, na kale kakipimo kadogo cha chumvi mfano wa kalamu kanakosoma maikrosimensi, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme; chumvi ikizidi, namba hupanda. Hivi viwili vya mwanzo ndivyo watu huvidharau.

Maji yamekuwa ya chumvi

Hili ndilo tatizo linaloongoza, na ndilo linalopewa dawa mbaya kuliko yote, nayo ni kuchimba zaidi.

Maji baridi ya mvua yaliyozama ardhini hukaa juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi zaidi, mfano wa tui linavyoelea juu ya mchuzi. Mholanzi Badon Ghyben na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kivyake, walieleza hesabu yake zaidi ya miaka 100 iliyopita: kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takribani mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Inapendeza mpaka uigeuze. Pampu yako ikishusha maji ya kisima kwa nusu mita na kuyaacha hapo, bahari iliyo chini inapata ruhusa ya kupanda mita 20. Haipandi siku hiyo hiyo, lakini inapanda, tena inapanda chini ya kisima chako hasa, kama kichuguu.

Na haihitajiki bahari nyingi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban miligramu 19,000 za kloridi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya chumvi yake. Ulimi wa kawaida huanza kulalamika kloridi ikifika miligramu 250 hivi kwa lita. Piga hesabu: maji ya bahari yakichanganyika kwa asilimia 1 tu, tayari umeongezewa 190.

Sasa daftari. Andika namba ya kipimo mara nne kwa siku, kwa siku kumi angalau, pamoja na saa. Bahari hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Ikiwa chumvi yako nayo inachelewa hivyo kila siku, na inazidi siku za bamvu, bahari inapojaa na kupwa sana, kisha inapoa siku za maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo, kisima chako kimeungana na bahari kupitia mwamba. Usishangae kilele cha chumvi kikija saa kadhaa baada ya bahari kujaa; maji yanahitaji muda wa kufika. Ikiwa chumvi inakuja saa ile ile ya ukutani kila siku, bahari haihusiki moja kwa moja, kwa sababu bahari haina saa ya ukutani. Hapo kuna mtu anawasha pampu.

Niliwahi kuitwa na bibi mmoja Kisauni mwenye nyumba ya kupangisha. Wapangaji walikuwa wanamtishia kuhama kwa sababu maji ya jioni hayakunyweka wala hayakutoa povu. Mchimbaji alikwisha mwambia kisima kishushwe mita nane zaidi, na bibi alikuwa ameanza kutafuta hizo pesa.

"Mwanangu, bahari inanifukuza kwangu," akaniambia.

Nikamwachia kipimo, na mjukuu wake wa darasa la saba akapewa kazi ya kuandika. Aliongeza safu yake mwenyewe kwenye daftari, "chai ilikuwaje", na kusema kweli safu hiyo ilikuwa na faida. Asubuhi namba ilikuwa 1,900 au karibu na hapo. Kila siku kati ya saa moja na saa tatu usiku ilipanda mpaka 3,400, na chai ikaandikwa "mbaya". Siku ya kwanza hivyo, siku ya kumi hivyo. Katika siku hizo kumi bahari ilikuwa imesogeza saa zake kwa zaidi ya saa saba. Chumvi haikusogea hata nusu saa.

Nyuma ya ukuta palikuwa na gorofa mpya, na mlinzi wake alikuwa akiwasha pampu kubwa baada ya magharibi ili kujaza matangi ya juu. Tulimwomba aizime usiku wa Jumanne na Jumatano tu. Chai ya Jumanne iliandikwa "sawa". Ya Jumatano "nzuri". Walikubaliana pampu iende polepole mchana kutwa badala ya kuvuta kwa nguvu kwa muda wa saa mbili, na bibi naye akapandisha mdomo wa bomba lake karibu na uso wa maji. Mita nane za mchimbaji hazikuchimbwa.

Kabla ya kupandisha bomba hakikisha kuna kitu cha kupata huko juu. Funga chupa kwa kamba na jiwe, teka maji ya juu, kisha teka ya chini kabisa kwa kuizamisha ikiwa na kizibo cha uzi unaouvuta ikifika. Tofauti ikiwa kubwa, kwa mfano 1,500 juu na 5,000 chini, basi unayo ngozi ya maji baridi ya kuchota, na tatizo lako ni kina cha bomba na kasi ya pampu. Zikilingana, ngozi hiyo imekwisha au imevurugwa. Pumzisha kisima, subiri mvua, pima tena. Visima vya mikono vya zamani, vile vipana vya misikitini, vilidumu kwa namna hii: ndoo na kamba huchota juu juu, kidogo kidogo. Hakuna aliyekaa akapiga hesabu ya Ghyben, ila mkono wa mtu huchoka kabla ya kisima.

Ni ya chumvi, lakini bahari iko mbali

Hapa ndipo wengi hukosea, hata wenzangu wa kazi. Mkojo wa binadamu una chumvi, na maji ya kufulia pia. Kwenye mtaa wenye vyumba vingi, vyoo vya shimo vingi na mfereji wa maji taka usiofika, chumvi ya kisimani inaweza kuwa yenu wenyewe.

Kuitofautisha ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Bahari huleta kloridi nyingi bila nitrati ya maana. Choo huleta kloridi na nitrati pamoja. Nunua vile vikaratasi vya kupimia nitrati, chovya, linganisha rangi. Kloridi juu na nitrati chini, tazama upande wa bahari. Zote mbili juu, tazama vyoo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha nitrati kuwa miligramu 50 kwa lita, na kikomo hicho kimewekwa kwa ajili ya watoto wachanga hasa: nitrati ikizidi kwenye maji ya kukorogea maziwa ya kopo, damu ya mtoto hushindwa kubeba oksijeni, akageuka rangi ya samawati midomoni. Angalia vizuri kikaratasi chako kinahesabu nini. Vingine huhesabu naitrojeni peke yake, na hapo kikomo ni 11 tu. Nimeona mtu akifurahia kusoma 30 kwenye kikaratasi cha aina hiyo.

Na maji haya usiyachemshe ukidhani umeyatibu. Moto huua vijidudu, lakini chumvi na nitrati hubaki kwenye sufuria, tena vikali zaidi kwa sababu maji yamepungua.

Maji ni safi machoni, lakini watu wanaumwa tumbo baada ya mvua

Masika yanapoanza, mvua ya kwanza kubwa husukuma chini vyote vilivyorundikana wakati wa ukavu. Kisima kinachokuwa sawa Februari kikachafuka Aprili, na siku mbili tatu baada ya kila mvua kubwa kikarudia, kina njia fupi ya juu. Anza na ya karibu: mdomo wa kisima hauna ukuta, sakafu imepasuka, maji ya kuogea yanazunguka na kurudi ndani. Robo ya kesi zangu nazimaliza kwa saruji na mfuniko.

Kabla ya kukilaumu kisima, chukua sampuli mbili, moja kisimani kwenyewe na moja kwenye bomba la jikoni. Kama ya kisimani ni safi na ya jikoni ni chafu, panda ukatazame tangi. Mombasa hii kunguru ni wenyeji kuliko sisi. Tangi lisilo na mfuniko ni hodhi lao la kuogea. Sampuli ya bakteria iwekwe kwenye chupa iliyotakaswa ya maabara, usiguse ndani ya kizibo, itie kwenye kikasha cha barafu na ifike maabara ndani ya saa sita ukiweza. Chupa ya soda iliyosuuzwa itakupa bakteria wa soda. Kwa maji ya kunywa kiwango ni kimoja: E. coli, bakteria wa kinyesi, asionekane hata mmoja katika mililita 100.

Akionekana, na mdomo wa kisima ni mzuri, kuna choo kinachovujia ndani ya mwamba. Utaambiwa choo kikiwa mita 30 mbali basi uko salama. Kwenye mchanga ni kanuni yenye akili, kwa sababu vijidudu vingi hunaswa au kufa njiani. Kwenye matumbawe yenye nyufa mita 30 zinaweza kuwa safari ya saa chache, na kijidudu kinaweza kuishi ardhini kwa majuma.

Ili kujua ni choo kipi, tumia fluoresini, unga wa rangi ya chungwa unaogeuka kijani cha kung'aa ukikutana na maji. Kiasi kidogo sana hutosha. Mimina kwenye choo unachokishuku, fuatisha ndoo mbili tatu za maji, halafu teka kisimani kila saa na utazame kwenye chupa angavu mbele ya karatasi nyeusi, juani. Jaribu choo kimoja kwa wakati mmoja, na usiende kingine mpaka kijani kiishe kabisa, vinginevyo hutajua nani ni nani. Tena waarifu majirani kabla. Nilisahau mara moja, na asubuhi nikapigiwa simu na mzee wa msikiti akiniuliza kwa upole mkubwa kwa nini maji ya kutawadhia yamekuwa ya kijani. Nilikuwa nimepata jibu la utafiti wangu, ila si kwa njia niliyoipenda.

Kijani kisipotokea usiseme choo hakina hatia. Huenda maji yalikuwa yanaelekea upande mwingine kwa sababu ya bahari kupwa, au pampu haikuwa inavuta. Rudia siku pampu inafanya kazi kama kawaida.

Yananuka mayai viza

Teka beseni pana, liache wazi saa chache. Harufu ikiondoka, ni gesi ya salfa inayotengenezwa na bakteria pasipo na hewa. Hutokea sana kwenye visima vilivyofungwa muda mrefu, na karibu na tope la mikoko. Vuta maji mpaka kisima kibadilike, yaache yaanguke ndani ya tangi yapate hewa, tia klorini. Kama harufu iko kwenye maji ya moto tu, kisima hakina kosa. Shughulika na hita. Kuna kichupa cha kupimia uchafu wa kinyesi ambacho hugeuka cheusi kikikutana na salfa hii. Kwenye maji yanayonuka hivi kitakuwa cheusi hata kama kinyesi hakimo, kwa hiyo usikiamini hapa.

Mekundu, au yana utando wa upinde wa mvua

Maji yaliyotoka meupe yakawa mekundu baada ya kukaa ndooni yana chuma kilichoyeyuka. Hewa ndiyo inayokigeuza. Yakitoka mekundu asubuhi tu kisha yakasafika, ni kutu ya mabomba. Hayo yanachafua nguo na hayaui mtu.

Utando wa rangi rangi ndio wa kuchunguza. Chukua kijiti uuvunje. Ukikatika vipande vipande kama kioo na vipande visirudiane, ni kazi ya bakteria wa chuma. Ukijikunja na kurudi kuungana, ni mafuta. Mafuta ni mepesi kuliko maji, hivyo huelea juu ya maji ya ardhini na kupanda na kushuka pamoja nayo, yakiupaka mwamba kila mara. Kwa hiyo kisima kinaweza kunuka dizeli wiki hii na kutulia wiki ijayo bila mtu kufanya lolote. Upande wa Changamwe na Shimanzi, kwenye matangi na mabomba ya mafuta ya miaka mingi, usilipuuze hili. Zima pampu, usichemshe maji hayo wala kuingia kisimani, kwa sababu mvuke wake unawaka na unalevya. Toa taarifa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Klorini haisaidii chochote hapa.

Hakuna dalili yoyote

Madini ya risasi hayana ladha, harufu wala rangi. Owino Uhuru, mtaa wa hapa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia watu sumu ya risasi. Mwanaharakati Phyllis Omido alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015 kwa kupigania jambo hilo, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Watu huchukua kisa hicho wakakimbilia kupima visima peke yake. Risasi haipendi kusafiri na maji. Hung'ang'ania udongo, hasa mfinyanzi, na inaweza kukaa mahali pamoja miaka. Karibu na kazi ya betri, anza na vumbi la uwanjani watoto wanapocheza, na maji ya mvua yanayokingwa kutoka kwenye paa. Kisima kipime pia, lakini maabara tu ndiyo itakayokujibu. Kikomo ni miligramu 0.01 kwa lita, na kikalamu chako cha chumvi hakioni kitu hapo.

Kinachoonwa vizuri na kikalamu hicho ni maji ya mkokoteni. Muuzaji akiapa kwamba mitungi ni ya mfereji, chovya tu. Ikisoma kama kisima cha jirani yako, ni ya kisima cha jirani yako, na kama hayana klorini yatibu kabla ya kunywa.

Kusafisha kisima baada ya kuziba chanzo

Nasema baada. Kutia klorini huku choo bado kinavuja ni kupiga deki mvua ikiwa inaingia.

Hesabu maji kwanza. Kisima cha kipenyo cha mita 1.2 chenye maji ya kina cha mita 2 kina lita 2,260 hivi. Unataka miligramu 50 za klorini kwa lita, yaani gramu 113. Unga wa klorini wa asilimia 65 unahitajika gramu 174. Uyeyushe kwenye ndoo ya maji nje, pahali penye hewa, uache utulie, kisha mimina maji yaliyo juu na uache machicha. Koroga kwa ndoo na kamba, osha kuta, fungua kila bomba la nyumba mpaka harufu ya klorini ifike, ufunge. Acha saa 12 mpaka 24. Halafu vuta maji yote uyamwage mbali na bustani, mpaka harufu iishe.

Usichukue sampuli siku hiyo. Klorini iliyobaki itakupa jibu zuri la uongo. Ngoja wiki moja au mbili, uchukue moja, kisha chukua nyingine baada ya mvua kubwa inayofuata. Ya kwanza ikiwa safi na ya pili chafu, rudi kwenye fluoresini: kuna choo ambacho bado hujakipata.